Baraza la Wafugaji: Nyumba, Kelele na Mnyama Mwenye Kifafa

Barua za safari hii zimeelemea upande mmoja: mnyama mwenye kifafa na mahali anapoishi. Tumechagua saba. Majina tumeyaacha, miji tumeitaja, kwa sababu mji nao una neno lake katika majibu.

Mbezi, Dar es Salaam

*Shikamooni madaktari. Nina mbwa dume, mchanganyiko wa German Shepherd, umri miaka mitatu, uzito kilo 30. Mwezi wa tatu tulihamia nyumba ambayo jirani yake anajenga. Tangu hapo ameanguka mara nne: anatukutika, anatoa povu, anajikojolea, kisha anazunguka kama kipofu kwa nusu saa. Siku ya pili ni mzima. Mchana tunamfungia bandani, usiku tunamfungua alinde. Kule tulikotoka hakuwahi kuanguka. Mume wangu anasema ni mashine ya zege, tumpeleke kwa shemeji Kibaha. Nyumba inaweza kumpa mbwa kifafa?*

Marahaba, dada. Mashine ya zege haimpi kifafa mbwa asiyekuwa nacho. Ila kabla hatujafika kwenye kelele, ondoeni kwanza shaka ya sumu, maana kiwanja kinachojengwa kina kila aina. Fundi anamwaga dawa ya mchwa kwenye msingi, mtunza bustani anaweka dawa ya konokono, mpangaji aliyehama ameacha sumu ya panya nyuma ya tangi. Mbwa aliyelamba dawa za jamii ya oganofosfati hutokwa na mate na machozi, huharisha, na misuli humcheza mwili mzima. Hali hiyo huzidi saa baada ya saa. Haimwachi akawa mzima siku ya pili na kurudi wiki tatu baadaye, kama mnavyoeleza ninyi. Angalieni pia kama mlibadilisha dawa ya kupe mlipohama. Septemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kwamba dawa za kupe na viroboto za jamii ya isoksazolini, ambazo nyingi ni vidonge vya kutafuna, zinaweza kuleta mtetemeko na mtukutiko kwa baadhi ya wanyama. Mbwa wengi huzitumia bila shida. Mwenye historia ya kuanguka ni vizuri daktari amtafutie nyingine.

Mkishaondoa sumu, maelezo yenu yanaelekea kwenye kifafa cha kuzaliwa nacho. Kwa kawaida huanza kati ya miezi sita na miaka sita, mbwa huanguka mara mbili au zaidi kwa kupishana zaidi ya saa 24, na katikati hana dosari, damu yake ikipimwa ni safi. Kila ubongo una kizingiti chake cha kuanguka. Cha mbwa wenu kilikuwa chini tangu tumboni, na miaka mitatu ni umri wa kawaida kabisa wa kifafa kujitokeza. Huenda angeanguka hata mngebaki kule.

Sasa msongo unaingia wapi? Mnyama akitishwa, ubongo hutoa homoni ya CRH, na dakika chache baadaye tezi zilizo juu ya figo hutoa kotisoli. CRH huamsha chembe za neva, jambo ambalo ubongo wa kifafa haulihitaji. Lakini katika mshtuko uleule mwili hutengeneza pia steroidi zinazoutuliza ubongo. Ndiyo maana mlango kubamizwa mara moja aghalabu hauleti neno. Kinachoshusha kizingiti ni msongo usio na ratiba, kidogo kidogo kila siku, pamoja na usingizi unaokatwakatwa. Katika utafiti wa Finland uliochapishwa 2019, wenye mbwa 37 kati ya 50 walitaja angalau jambo moja lililoonekana kutangulia kuanguka. Yaliyotajwa zaidi yalikuwa hali za msongo, kukosa usingizi, mabadiliko ya hali ya hewa na mambo ya homoni. Hayo ni maoni ya wenye mbwa, na mwenye mbwa hukumbuka zaidi kilichotokea kabla ya balaa. Tutalirudia hilo kwa msomaji wa Nakuru.

Kwenu tunaona kasoro mbili kubwa kuliko zege. Ya kwanza ni banda. Mbwa anayelinda usiku hulala mchana, na ninyi mchana mmemweka chini ya bati, pembeni mwa ukuta wa jirani. Lihamisheni banda upande wa pili wa nyumba. Chini ya bati pigeni dari ya mbao au makuti, mkiacha nafasi ya kiganja kati yake na bati ili hewa moto ipite. Toboeni matundu ya hewa pande mbili zinazotazamana. Sakafu iinuliwe isituame maji, ila kitanda kisiwe juu: godoro liwekwe sakafuni, kwa sababu mbwa wengi huanguka wakiwa usingizini au wamejipumzisha. Mnyororo uondoke kabisa. Mbwa anayetukutika akiwa na mnyororo shingoni hujinyonga, hata ukiwa mrefu. Kama kuna shimo la maji lisilofunikwa au ngazi zisizo na kizuizi, funikeni na zuieni leo.

Ya pili ni kazi yenyewe. Mbwa wa kifafa si mlinzi. Tunajua neno hili halipendezi katika nyumba mpya, lakini zamu ya usiku ni kumnyima usingizi kwa makusudi. Tafuteni mwingine wa kulinda, huyu alale barazani au ndani kuanzia saa nne usiku.

Kumpeleka Kibaha ni kuhama kwa mara ya pili, na kifafa atakwenda nacho. Halafu kila kuhama hubadilisha mambo mengi kwa mkupuo: chakula, maji, mtu anayemhudumia, harufu, saa za kulala. Mkibadilisha yote tena hamtajua lipi lilisaidia.

Banda zuri haliondoi haja ya dawa. Kuanguka mara mbili au zaidi ndani ya miezi sita kunatosha kuanza, na ninyi mmeshavuka. Inayopatikana kirahisi huku kwetu ni fenobabitoni. Kiwango cha kuanzia ni miligramu 2.5 hadi 3 kwa kila kilo, kila baada ya saa 12. Kwa kilo 30 ni kama miligramu 75 hadi 90 kwa mara moja, yaani vidonge viwili na nusu hadi vitatu vya miligramu 30, saa moja asubuhi na saa moja jioni. Daktari ndiye ataandika, kwa sababu atataka kupima ini kwanza na kupima kiwango cha dawa kwenye damu baada ya wiki mbili hivi, kinapokuwa kimetulia. Dawa hii haiachwi ghafla. Kuiacha ghafla kwenyewe huangusha.

Wiki za mwanzo atayumba, atakunywa maji kama ngamia, atakojoa ovyo na njaa haitamwisha. Waambieni watoto na dada wa kazi mapema. Mbwa anayepigwa kwa kukojoa sebuleni, na kumbe ni dawa, mmemwongezea msongo ndani ya tiba yake.

Nakuru

*Mbwa wangu ana kifafa mwaka wa pili. Siku nzima kabla ya kuanguka huwa na wasiwasi, ananifuata hadi chooni, anajificha chini ya meza. Kwa hiyo najua ni msongo. Nimezima redio, nimekataza wageni, hata watoto hawachezi mpira uani. Bado anaanguka. Ni nini kingine kinachomkera?*

Huenda hakuna. Kifafa cha mbwa kina hatua, na ya kwanza inaweza kuanza saa nyingi, hata siku moja au mbili, kabla ya mtukutiko: wasiwasi, kung'ang'ania mtu, kujificha, kuhema, kulialia. Wewe unaona wasiwasi ukileta kifafa, kumbe wasiwasi ni kifafa kilichoanza. Kumzimia redio wakati huo ni kama kuanua nguo mvua ikishanyesha. Faida ya ishara hizi ni onyo. Mwondolee mnyororo, mweke chumba kisicho na ngazi, hakikisha dawa imemezwa, na muulize daktari kama wako anafaa kupewa dawa ya ziada katika muda huo.

Njia ya kutenganisha kinachochochea na ishara ni daftari, lakini si lile ambalo watu wengi huandika. Wengi huandika siku za kuanguka tu. Siku za kuanguka peke yake hazikuambii lolote. Andika kila siku mstari mmoja: saa ya dawa asubuhi na jioni, alikula nini, alilala wapi, kulikuwa na wageni au kelele, hali ya hewa, na kama hakuanguka andika "hakuna". Ukifikisha miezi mitatu hesabu. Tuseme wageni walikuja siku 20, akaanguka siku moja kati ya hizo au kesho yake. Siku zisizo na wageni ni 70, ameanguka mara nne. Hapo wageni hawana kosa, waache watoto wacheze mpira. Angalia pia safu ya dawa. Mara nyingi tunaloliita "msongo wa sikukuu" ni kidonge cha jioni kilichomezwa saa tano usiku kwa sababu mwenye nyumba alikuwa harusini.

Usiharakishe kusema mbinu mpya imefaulu. Watu hubadilisha kitu wakati hali ni mbaya kupita kawaida, na hali mbaya kupita kawaida hupoa yenyewe. Kipimo wanachotumia wataalamu ni hiki: chukua muda mrefu zaidi aliowahi kukaa bila kuanguka kabla ya tiba, uzidishe kwa tatu. Kama ulikuwa wiki sita, subiri wiki 18 bila kuanguka ndipo useme. Na hata kama muda huo ni mfupi, usitangaze kabla ya miezi mitatu.

Mtaa wa Old Town, Mombasa

*Paka wetu ana miaka kumi na sita. Siku hizi nikikoroga chai anaruka kama amepigwa na stima. Juzi nilikuwa nakunja foili ya kufunikia biriani, akaruka mara kadhaa kisha akaanguka akatukutika. Mama anasema ni uzee tu.*

Mama hajakosea sana, maana tatizo hili hupenda paka wazee, lakini lina jina. Kuna kifafa cha paka kinachochochewa na sauti, na kilielezwa kwa kina na madaktari wa Uingereza mwaka 2015 kutokana na paka 96. Umri wa kati wa kuanza ulikuwa miaka 15. Karibu nusu ya paka hao walikuwa wamepungukiwa kusikia, jambo linalowababaisha wenye paka: "hasikii nikimwita, vipi asikie kijiko?" Sauti zinazowaangusha ni kali, za juu na fupi: foili ikikunjwa, kijiko cha chuma kwenye bakuli la kauri, glasi ikigongwa, funguo, sarafu, mfuko unaochakarika, hata kibodi ya kompyuta.

Nyumba za Old Town zina vyumba vidogo na kuta za mawe zinazorudisha sauti, kwa hiyo anzeni jikoni. Chai ikorogwe kwa kijiko cha mbao. Bakuli lake la chakula liwe la plastiki. Foili ikatwe na kukunjwa chumba kingine mlango ukiwa umefungwa. Funguo zitundikwe mbali na anapolala. Mazulia na mapazia mazito hula sauti. Kupunguza sauti hizi hupunguza idadi ya kuruka, ingawa peke yake huenda kusitoshe. Katika aina hii levetirasetamu imeonekana kusaidia kuliko fenobabitoni, nayo hutolewa kila baada ya saa nane, kazi kubwa kwa paka asiyependa kushikwa. Ongeeni na daktari kama kuna namna ya kuichanganya na samaki.

Mambo mawili msifanye. Msimpe diazepamu ya vidonge. Kwa baadhi ya paka huua ini. Na msimpake dawa ya kupe ya mbwa yenye pemethrini. Humtukutisha hata paka asiye na kifafa, na wengine hufa.

Parklands, Nairobi

*Diwali na mwaka mpya mtaani kwetu ni fataki hadi usiku wa manane. Mbwa wetu anatumia fenobabitoni na mwaka jana alianguka mara tatu ndani ya usiku mmoja. Tumpe dawa ya usingizi?*

Kuanguka mara mbili au zaidi ndani ya saa 24 ni hali ya hatari, kwa hiyo mnahitaji mpango ulioandikwa na daktari wiki mbili kabla, si simu ya saa sita usiku. Mwombeni mambo mawili. Moja, kupima kiwango cha fenobabitoni kwenye damu mapema, maana huenda kimeshuka tangu mwaka jana. Pili, dawa ya kutumia siku za fataki. Madaktari wengine huongeza levetirasetamu kwa siku chache, pamoja na dawa ya kupunguza woga. Kama atataja asepromazini, mwambieni kwa heshima mngependa nyingine: hulegeza mwili mbwa akaonekana ametulia, huku woga wenyewe ukiwa uleule.

Siku yenyewe, mtembezeni na kumlisha kabla ya magharibi. Chumba kiwe cha ndani kabisa, kisicho na dirisha la barabarani; korido au stoo inafaa kuliko chumba kikubwa cha kulala. Godoro sakafuni, pazia zito, taa iwake ili mmweko usionekane. Feni au redio ianze kuunguruma saa nzima kabla ya fataki ya kwanza, isiwashwe katikati ya mlipuko. Akitaka kukaa miguuni penu mwacheni, mpapaseni. Ile imani kwamba ukimbembeleza unamfundisha woga haina msingi. Akitaka kujificha chini ya meza, msimvute.

Diazepamu ya kupitisha njia ya haja kubwa ni vizuri iwepo nyumbani. Kiwango cha kawaida ni miligramu 1 kwa kilo, na kwa mbwa aliyezoea fenobabitoni daktari huweza kupandisha hadi 2. Kichupa chenye miligramu 5 kwa mililita: mbwa wa kilo 20 kwa miligramu 1 kwa kilo anahitaji mililita 4. Iacheni ndani ya kichupa cha glasi, gizani, mvute kwenye bomba wakati wa kutumia tu. Wengi huijaza kwenye bomba la plastiki wiki nzima kabla, plastiki ikanyonya dawa, na usiku wa haja haifanyi kazi. Mtukutiko ukipita dakika tano msisubiri uishe, mpeni na mwende hospitali huku mkimpepea. Mwili ukifika nyuzi 41 mmwagieni maji ya kawaida, si ya barafu, na muache akishuka hadi 39.5.

Msishangae asipoanguka usiku wa fataki akaanguka kesho yake mchana, amelala fofofo. Kwa hiyo mtu wa kumwangalia anahitajika hata tarehe 1 Januari, wakati wote mmelala.

Tanga

*Tulihama kutoka Mwanza. Mbwa anatumia potasiamu bromaidi na alikaa miezi kumi na moja bila kuanguka. Tangu tufike Tanga, ndani ya miezi miwili ameanguka mara tatu. Chakula ni kilekile, ugali wa dona na dagaa. Wengine wanasema joto, wengine wanasema majini.*

Majini tuwaachie wenyewe. Sisi tungeanza na dagaa. Dagaa wa Mwanza huanikwa juani bila chumvi. Shida yake ni mchanga. Dagaa wa pwani huchemshwa kwanza kwenye maji ya chumvi, ndipo waanikwe. Kwa jina chakula ni kilekile, kwa figo si kilekile. Bromaidi na kloraidi ya chumvi hugombania njia moja kwenye figo: mbwa akila chumvi nyingi, bromaidi hutolewa kwa mkojo upesi na kiwango chake hushuka. Hakishuki kwa siku moja, kwa sababu bromaidi hupungua nusu kwa muda wa wiki tatu hadi nne, na ndiyo maana athari ya chumvi haionekani mara moja. Kama mnampeleka ufukweni na huko anakunywa maji ya bahari, ni hesabu ileile.

Joto nalo linaweza kuwa na mchango, mpeni kivuli na maji mengi. Lakini rekebisheni chumvi kwanza. Agizeni dagaa wa ziwani, au mtumie maini na vichwa vya samaki wabichi visivyotiwa chumvi. Kulowesha dagaa wa chumvi usiku mmoja hupunguza, hakumalizi, na leo mtalowesha, kesho mtasahau. Kinachotakiwa ni chumvi ileile kila siku. Kama daktari wa huko ameshapandisha dozi kwa sababu ya vifafa hivi, mwambieni kabla ya kubadilisha chakula. Chumvi ikishuka huku dozi iko juu, bromaidi itajaa, na mtaona miguu ya nyuma ikipepesuka na usingizi usiokatika. Kupima damu kunafaa miezi mitatu baada ya chakula kutulia. Kabla ya hapo mtapima kitu ambacho bado kinahama.

Mwanafunzi, Uholanzi

*Ninafanya kazi na panya wa WAG/Rij, wenye kifafa cha kuzubaa. Kundi moja liko kwenye vizimba vitupu, jingine kwenye vizimba vikubwa vyenye mabomba, ngazi na vitu vya kuguguna. Nilitarajia mazingira bora yapunguze mashambulizi. Matokeo yangu yanapinda huku na huku. Nimekosea wapi?*

Huenda hukukosea popote isipokuwa kwenye matarajio. Mwaka 1999 ilionyeshwa kwamba panya waliolelewa kwenye vizimba vyenye vitu vingi walistahimili sumu ya kainati, inayoleta kifafa kwa kuumiza ubongo, na chembe zao za ubongo zilikufa chache. Tangu hapo watu huamini kizimba kizuri hupunguza kila kifafa. Kifafa cha kainati ni cha jeraha. Kifafa cha WAG/Rij ni cha ukoo. Na mashambulizi yake, yale mawimbi ya mara 7 hadi 11 kwa sekunde kwenye mchoro wa umeme wa ubongo, hutokea zaidi panya akiwa macho lakini ametulia, au anasinzia. Kwa hiyo kizimba hubadilisha kwanza muda anaokuwa katika hali hiyo. Panya aliyetolewa kwenye kizimba chenye raha akawekwa kwenye sanduku tupu la kurekodia hupekua kwanza, kisha huchoka na kusinzia kwa namna tofauti na yule aliyezoea utupu. Gawa idadi ya mashambulizi kwa dakika za utulivu, si kwa saa za kurekodi tu, ndipo ulinganishe.

Mengine ya kukagua. Umri: mashambulizi huongezeka kwa miezi, na tofauti ya mwezi mmoja kati ya makundi inatosha kuzaa matokeo. Kebo ya kurekodia: mzoeshe nayo siku kadhaa, na saa ya kwanza baada ya kumshika usiihesabu, maana kushtuka kunamwamsha na kuficha mashambulizi. Kuosha vizimba: siku hiyo hakuna kurekodi. Damu ya kupima kotikosteroni, homoni ya msongo ya panya, ichukuliwe ndani ya dakika tatu tangu mkono uguse kizimba. Ukichelewa unapima mkono wako. Sauti: panya husikia juu sana kuliko sisi, hadi karibu kilohezi 80, na skrini au bomba linalovuja linaweza kumpigia kelele usiku kucha bila wewe kujua. Kama chumba kimoja kina kompyuta na kingine hakina, umelinganisha kompyuta.

Usimtenge panya kila mmoja peke yake kwa kuogopa watang'oana vifaa vya kichwani. Utafiti wa Marseille wa 2019, kwa panya waliopewa pilokapini ili wapate kifafa, ulionyesha waliotengwa walikuwa na kotikosteroni nyingi na vifafa vingi kuliko waliokaa na wenzao. Weka wawili kizimba kimoja na kizuizi cha plastiki chenye matundu katikati: wananusana, hawafikiani meno. Na aina ya mnyama si jambo dogo. Panya wa jangwani wa Mongolia, kuanzia umri wa kama miezi miwili, baadhi yao huanguka kwa kuhamishwa tu kizimba kipya. Kwao hizo ngazi na mabomba unazobadilisha kila wiki ndizo zingekuwa ugonjwa.

Arusha

*Mbwa mkubwa anamvamia mdogo kila akianguka. Tunawatenganisha kwa mikono. Na je, povu lake linaambukiza kifafa?*

Watenganisheni kabla. Walale vyumba tofauti, na mchana kuwe na kigeti cha mbao kati yao, kwa sababu mbwa wengine huona mtukutiko kama windo au shambulio. Mdogo akiamka mtengeni saa moja au zaidi. Huenda haoni vizuri, amechanganyikiwa na anaweza kumng'ata hata aliyemlea. Mikono ikae mbali na mdomo wake muda wote: mbwa hamezi ulimi, na kumnusisha kitunguu au kumtia kijiko mdomoni hakukatizi chochote. Pimeni muda kwa simu, rekodini video, sogezeni viti.

Kifafa hakiambukizi, wala kwa povu wala kwa mkojo. Ila mate ya mbwa anayetukutika, ambaye hamna kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ni jambo jingine. Nanyi mnaingiza mikono katikati ya mbwa wawili wenye hasira. Mkiumwa, au mate yakigusa kidonda, osheni kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 mkitazama saa, si kwa kukisia, kisha nendeni kituo cha afya siku hiyohiyo mkaulizie chanjo. Kadi ya mbwa mkubwa nayo itafuteni leo.